Wiki Ile Sikukausha Chumvi

Rafiki yangu, wewe ambaye tumekula pamoja michana mingi nyuma ya stoo, tukigawana muhogo na sahani moja ya omena, wale dagaa wa ziwani, wewe ndiye nakuandikia. Na wewe uliyeingia kazini juzi, ambaye sura yako bado siijui, nakuhesabu pia. Nimeacha kazi mwezi uliopita. Kifua kimekataa vumbi la mahindi, na daktari ameniambia wazi nichague, stoo ama pumzi. Nina miaka arobaini na saba. Watu wananiuliza nimestaafu vipi na sijazeeka. Nawaambia waulize kifua.

Sitaandika habari ya mshahara, maana hiyo ingeisha kwa mstari mmoja. Wala siku nilipofanywa mkubwa wa wapimaji, kwa sababu siku hiyo hakuna kitu kilitokea, nilipewa ufunguo tu. Nataka kuandika kazi yenyewe, halafu kosa moja ambalo nilifanya nikiwa nimejaa maombi.

Nilikuja stoo nikitoka Dabani, mtoto wangu Wandera bado ananyonya. Mnapajua pale, upande wa Uganda, malori yanapoanza kupanga mstari kungoja kuvuka. Siku hizo stoo yetu ya mahindi, upande huo huo wa Uganda, ilikuwa na mabati pande tatu, upande wa nne ni turubai, na mvua ilijua njia yake. Nilidhani nimeletwa kufagia. Mama Taaka akanitazama mikono, akaniuliza, "Meno yako ni mazima?"

Nikasema ni mazima.

"Yote?"

"Yote, Mama."

"Bas, kazi umepata. Ufagio ni wa watu wasio na meno."

Mama Taaka alikuwa mpimaji wa kwanza wa stoo ile. Mfupi, Msamia kama mimi, ameolewa upande wa Kenya, kila asubuhi anavuka na kikapu chake. Jino moja la mbele lilikuwa limevunjika. Alisema lilivunjwa na jiwe ndani ya mahindi ya mtu mmoja wa Mukuju, na kila mtu wa Mukuju aliyekuja baada ya hapo alisikia habari hiyo kabla ya kushusha gunia.

Yeye ndiye alinifundisha. Kwanza bambo, kile chuma chenye mfereji na ncha kali. Unachoma gunia juu, katikati, na chini kabisa, kwa sababu mtu akitaka kuficha kitu hafichi juu. Mbegu zinateremka kwenye mfereji mpaka kiganjani. Unanusa. Unatazama kama kuna nyeusi, kama kuna zenye ukungu. Halafu unauma moja. Mahindi makavu yanapasuka, ka, unasikia mpaka kwenye sikio. Mabichi yanabonyea bila kusema kitu.

Kama meno yana shaka, ndiyo unakwenda kwa chupa. Kupima kwa mashine kulikuja baadaye, na mashine yenyewe mnajua inavyopenda kulala. Chupa hailali. Ni ya kioo, mdomo mpana, kavu kabisa. Unatia mahindi, unatia vijiko vya chumvi, unafunga, unatikisa, unaweka chini kwa muda wa mtu kupumzika kidogo. Ukirudi, chumvi ikiwa imeshuka yote chini kama mchanga, mahindi ni makavu. Ikiwa imeshika kwenye kioo, mahindi yana maji, mwenyewe arudi nayo akaanike.

Sasa sikiliza, hii ndiyo kubwa. Chumvi yenyewe lazima iwe kavu. Chumvi inakunywa hewa. Ukiiacha usiku mmoja wa mvua, asubuhi tayari ina maji, na wewe huyaoni. Kwa hiyo kila siku, kabla ya gunia la kwanza, Mama Taaka aliweka kikaango juu ya sigiri ya chai, akamwaga chumvi, akaikoroga mpaka ikawa nyepesi, akaiacha ipoe, akaifunga ndani ya mkebe. Ndipo alikunywa chai. Hakuwahi kunywa kabla.

Siku moja nilimrudisha mzee mmoja na mahindi yake, nikaongeza maneno, nikamwambia kwamba watu wa kwao ni wavivu wa kuanika. Mama Taaka aliniita pembeni.

"Nafula, wewe umeajiriwa kupima nini?"

"Mahindi."

"Na huyo mzee ulimtia kwenye chupa saa ngapi?"

Nilidhani nimelielewa neno lile. Kumbe nililisikia tu.

Miaka ikaenda. Nikaanza masomo ya jioni, ya watu wazima, pale shuleni kwa kina Wandera. Nilikaa kwenye dawati ambalo mwanangu alikalia asubuhi, magoti yakigusa mbao. Ndipo nilijifunza kuandika hivi mnavyosoma. Mama Taaka akazeeka akabaki kwake, akaniachia bambo na mkebe. Na pale pale stoo tukaanzisha maombi ya akina mama wa Jumatano, saa ya chakula, nyuma kwenye kivuli cha magunia. Tulikuwa kama ishirini, wauzaji, wapimaji, wapika chai, wengine kutoka Busia ya Kenya.

Tulipotaka kiongozi, nilijua ni mimi. Si nilikuwa nafungua kwa sala? Si nilikuwa na ufunguo wa mahali? Walimchagua Amoding.

Amoding ni mama wa Kwapa, Mteso kwa kabila, mrefu, anacheka na mwili mzima. Alikuwa anakusanya mahindi ya majirani zake, wengi wajane ambao hawawezi safari, anayaleta stoo kwa baiskeli za kukodi, anarudi kumpa kila mmoja haki yake. Hakuna aliyemwandikia karatasi. Walimwamini tu. Nilimpigia makofi siku ile kama wengine. Mikono ilipiga makofi, mimi nilikuwa mahali pengine.

Mwaka huo, mvua ikiwa bado inanyesha huku mavuno yameanza, nilifunga siku saba. Sikuambiwa na mtu. Watoto walikuwa kwa nyanya yao Dabani, nyumbani hakuna cha kupika, sikuwasha jiko. Kazini nilitangaza mapema kwamba mimi sitakunywa chai. Nilitangaza zaidi ya mara moja. Ili nisinuse maandazi, sikusogea kabisa karibu na sigiri. Na kwa vile sikusogea karibu na sigiri, chumvi haikukaushwa. Siku ya kwanza nilisema nitafanya baadaye. Siku ya pili sikukumbuka hata kusema.

Siku ya nne Amoding akaja na magunia sita juu ya baiskeli tatu. Akaniona, akapiga makofi ya salamu.

"Dada Nafula, habari ya kufunga?"

"Nzuri. Bwana ananitia nguvu."

"Hata uso inaonyesha. Imebaki macho peke yake."

Wabeba mizigo wakacheka. Alikuwa anatania, kama anavyotania kila mtu. Mimi nilichoma bambo. Nikauma mbegu, ikapasuka, ka. Nikauma nyingine, ka. Rafiki, nataka uelewe hapa. Meno yalisema kavu. Kwa mtu mwingine ningepokea magunia na kuita anayefuata. Lakini nilikwenda kuchukua chupa.

Chumvi ilishika kwenye kioo mpaka juu.

"Hii ina maji," nikasema.

"Maji gani? Nimeanika siku kumi. Hata kuku imechoka kula."

"Chupa haina undugu, dada."

Akaitazama chupa, akanitazama mimi. Mnajua kuna watu wanaomwagia mahindi maji ili gunia lipate uzito. Kila mtu pale alijua.

"Sasa wewe unasema mimi namwaga maji?" akauliza.

"Mimi sijasema. Chupa ndiyo imesema."

Akafunga magunia yake, akayarudisha kwenye baiskeli. Mmoja wa wabeba mizigo akapiga mluzi mdogo. Wiki hiyo hiyo nilirudisha watu wanne wengine kwa chupa ile ile. Hao niliwaambia mahindi ni mabichi, waanike tena, karibuni wiki ijayo. Chumvi moja, jibu moja. Amoding peke yake ndiye aliondoka na jina baya.

Na sikuishia hapo. Jumatano Amoding hakuja, akina mama wakaniomba niongoze. Nikafumba macho nikaomba, "Baba, mguse dada yetu mmoja wa Kwapa, ambaye biashara imemshika mpaka anaongeza maji kwenye mahindi." Wa Kwapa kati yetu alikuwa mmoja tu. Nilisikia mtu akivuta pumzi. Niliendelea, na nilitoa hata machozi, ya kweli, kwa vile nilikuwa na njaa.

Maneno yalifika Kwapa kabla ya wiki kuisha. Wale wajane, mmoja mmoja, wakaja kwake kuchukua mahindi yao. Hawakumtukana. Walisema tu kwamba watatafuta njia nyingine. Na akina mama wa Jumatano walikuwa wamenifanya kiongozi siku ile ile ya maombi, na mimi nikakubali.

Jumamosi nikafungua saumu. Nikaenda kwenye sigiri kwa furaha, nikaomba chai ya maziwa. Kikaango kilikuwa pale, mkono ukakumbuka kazi yake wenyewe. Nikamwaga chumvi. Ikatoa mvuke.

Chumvi kavu haina mvuke. Nilisimama pale na kikombe. Mpika chai akaniuliza kama sukari imekuwa nyingi.

Kila tuliyempima tunaweka sampuli yake, ndani ya nailoni iliyofungwa, na jina, mpaka wiki mbili zipite. Nikachukua ile ya Amoding. Nikaingoja chumvi ipoe, nikatia, nikatikisa, nikaweka chini. Ikashuka yote kama mchanga. Nikasema labda mahindi yamekauka kwenye rafu. Lakini nailoni ilikuwa imefungwa kwa fundo langu mwenyewe. Nikarudia mara tatu, kama mtu anayetafuta jibu lingine. Nikapima na ya wale wanne, ya wawili yalikuwa makavu.

Wazo langu la kwanza nitawaambia, ili msidhani. Nilisema, akija tena nitampokea vizuri, hata nisimtoboe magunia, na mambo yataisha polepole. Nikaliona wazo hilo kuwa la huruma. Hata hivyo sikuweza kula. Jumapili baada ya ibada nikavuka, nikaenda kwa Mama Taaka.

Alikuwa amekaa mlangoni anachambua mboga ya kunde. Nikamweleza yote. Nikamuuliza nimwombe Amoding msamaha kwa njia gani.

"Kwani ulimsema mbele ya watu wangapi?"

"Kama ishirini. Na wabeba mizigo."

"Na sasa unataka kumwomba msamaha mbele ya kunde zangu."

Akanisukumia rundo la kunde nisaidie kuchambua. Tukichambua akasema, "Ulikuwa unafunga, eh? Ndiyo maana. Mtu akijiona safi hakumbuki kujitia motoni. Nilikuwa nakausha ile chumvi kila siku, Nafula, hata siku za jua. Ulidhani ni kwa ajili ya mvua tu?"

Jumatatu nikapanda boda mpaka Kwapa. Amoding alikuwa anamenya karanga uani, peke yake. Hakusimama.

"Umekuja kuniombea tena?"

Nikakaa chini, kwenye udongo. Nikamwambia, "Chumvi ilikuwa na maji. Ilikuwa yangu. Mahindi yako yalikuwa makavu, na meno yangu yaliniambia, nikakataa kusikia."

Akamenya karanga mbili, tatu.

"Wale wengine umerudisha wiki hiyo, na wao uliwaombea?"

"Hapana."

"Kwa nini mimi?"

Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi mazuri kwenye boda. Hayakuja. Nikasema, "Kwa sababu wao hawakuchaguliwa mahali nilipotaka kuchaguliwa mimi."

Hapo ndipo aliweka ungo chini. "Sasa hiyo ndiyo nilikuwa nangoja," akasema. "Hii habari ya chumvi hata mimi ningefikiria mwenyewe." Halafu akasema, "Jumatano nakuja. Hii yote umeniambia, useme pale, hata hiyo ya mwisho. Ukiacha ya mwisho, mimi natoka." Akanisogezea ungo. "Na menya, usikae bure."

Jumatano nikasema. Macho wazi, nimesimama. Nilisema ya chumvi, nilisema ya meno, na nilipofika ile ya mwisho sauti ilikauka kuliko chumvi yoyote niliyowahi kukaanga. Kisha nikaita wabeba mizigo nikarudia. Hawakujua watazame wapi. Amoding akakataa kurudishiwa uongozi siku ile ile. Alisema kwanza wajane wake warudi, ndiyo atajua kama maneno yangu yana miguu.

Sasa mngedhani nilikuwa nimepona. Nilikwenda upande mwingine wa ugonjwa. Mwezi mzima niliogopa kumrudisha mtu. Anayekuja, napokea. Nikihisi harufu ya ukungu, najiambia, mimi ni nani wa kuhukumu? Niliona huo ndio upole wa Kristo. Mpaka lori moja likarudishwa na wanunuzi upande wa Kenya, na bosi akafungua gunia moja mbele yangu. Kijani, na joto likitoka ndani. Hakunipigia kelele. Aliniuliza tu kama ningeusaga huo ukungu nimpikie Wandera uji. Mahindi ya namna hiyo yanaua ini, tunalijua hilo sote. Upole wangu ulikuwa woga wa kuonekana mbaya tena. Nilikuwa bado najipima mimi, si mahindi.

Bwana wetu alisema utoe kwanza boriti kwenye jicho lako. Nilikuwa nimelisoma neno hilo mara nyingi nikaishia hapo. Lakini alisema ukishaitoa ndiyo utaona vizuri umtoe ndugu yako kibanzi. Kazi ya kibanzi bado ipo. Hakusema tumwache mwenzetu nacho.

Msimu uliofuata Amoding akaja. Magunia sita tena, na matatu yalikuwa ya wajane waliorudi kwake, kila gunia na kitambaa cha rangi ya mwenyewe. Uwanja ulijaa. Wabeba mizigo wakaacha kubeba.

"Dada Nafula, chumvi umekausha?"

"Nimekausha."

"Nione."

Nikafungua mkebe. Akatia vidole, akasugua, akapuliza. "Haya. Pima."

La kwanza safi. La pili, la tatu, la nne, la tano, safi. La sita lilikuwa na kitambaa cha kijani. Bambo juu, sawa. Katikati, sawa. Chini, mbegu zilitoka baridi. Nikauma moja, haikusema kitu. Nikauma nyingine, kimya vile vile.

Nilibaki na ile mbegu mdomoni. Nikisema ina maji, uwanja mzima utaona nimemrudia. Nikinyamaza, gunia moja litaoza katikati ya mia, na mjane mwenye kitambaa cha kijani hatajua kamwe. Sikwenda kuchukua chupa. Nilimwita.

"Dada Amoding, njoo uume hii."

Akaja, akaweka mbegu kwenye jino. Watu wote walikuwa wanatazama taya lake. Akauma. Akachukua nyingine mwenyewe, chini kabisa kwenye mfereji wa bambo, akauma.

"Hii imelowa," akasema, kwa sauti ya kusikika. "Ya mama Ekirapa. Alisimamisha gunia kwenye udongo, nilimwambia."

"Matano yanaingia sasa. Hili tulianike hapa, jua lipo."

"Na utapima tena?"

"Jioni, kabla hujaondoka. Likikataa, kesho pia uwanja upo."

Tukatandika turubai. Mahindi ya kuanika yanageuzwa kwa miguu, mnajua, unaburuta nyayo ukipiga mistari, unakwenda na kurudi. Tukavua viatu sisi wawili. Alianzia upande huu, mimi upande ule, tukawa tunapishana katikati. Mara ya tatu tunapishana, akaniambia, "Jumatano hii utaniombea?"

"Nitakuombea ukiwepo."

Akacheka na mwili wote, mpaka mbegu zikaruka nje ya turubai, na mbeba mizigo mmoja akauliza kama ndiyo tunamwaga mahindi sasa. Jioni mbegu ya chini ikapasuka, ka. Nikampa yeye asikie mwenyewe.

Mwaka huo alirudi kuongoza akina mama wa Jumatano. Mimi nilibaki na ufunguo, na nilibeba mikeka.

Rafiki, nimekumbuka mambo mengi nikiandika. Harufu ya magunia mapya, mlio wa baiskeli zisizo na breki, Mama Taaka akipuliza sigiri na lile jino lake. Nalikumbuka hata vumbi, ambalo lenyewe halinikumbuki. Mkebe nimeuacha kwenye rafu ya juu, kushoto. Anayefungua stoo asubuhi akaushe, halafu ndiyo chai.

Lakini kuna sababu nimeandika. Mwaka jana nilikuwa Mukuju kwenye mazishi, na mama mmoja nisiyemjua, akisikia nafanya kazi stoo, akaniuliza, "Ni kwenu ndiyo kuna yule Mteso wa mahindi ya maji?" Miaka yote hiyo. Maombi yangu ya mchana mmoja bado yanatembea, na mimi nilisahihisha mbele ya watu ishirini tu na wabeba mizigo.

Kwa hiyo ukimaliza kusoma, mpe mwingine. Mpe wa Tororo, mpe wa ng'ambo, asiyejua kusoma asomewe. Usifiche jina la aliyekosa, ni Nafula wa Dabani, aliyekuwa mpimaji. Na usiache kutaja Amoding wa Kwapa. Mahindi yake yalikuwa makavu.